Mnyama Hawezi Kutaniwa

Kwako Baba, uliyelala Ilagala kando ya michikichi uliyoipanda kwa mkono wako,

Mbalamwezi imefika. Jana jioni nilitoka kuanua nguo hapa Katubuka, nikauona mwezi unachomoza nyuma ya vilima, mzima, mwekundu kidogo, nikajikuta nimekaa chini na nguo mapajani kama mtu aliyeitwa. Ziwani hakukuwa na taa hata moja. Mgeni akiona hivyo hudhani wavuvi wamehama mji. Sisi tunajua kwamba mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, na wanaume wote wanarudi nyumbani.

Nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi nitamshtaki mwanao.

Ni Rajabu, Baba. Yule uliyemwacha hata shule hajaanza, niliyembeba mgongoni mpaka watu wakawa wananiuliza nimezaa lini. Sasa ni mvuvi kama wewe, ana mke anaitwa Furaha na binti mdogo. Juzi amempiga Furaha akamvunja mkono. Kwao Furaha ni ng'ambo, Kongo, na ziwa halivukwi na mtu mwenye mkono mmoja na mtoto mgongoni. Akakimbilia kwa wifi yake, yaani kwangu. Hospitali wamemfunga plasta ngumu kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, na kesho tunakwenda polisi, dawati la jinsia. Shahidi ni mimi. Baba wa wanangu yuko safarini na meli ya mizigo, kwa hiyo hili nalibeba peke yangu.

Ningekwenda kimya kimya nisikusumbue huko uliko, lakini Rajabu amekutaja. Alinipigia simu jana mchana, sauti ya upole kabisa. "Dada, ni mbalamwezi tu," akasema. "Mwezi ukipevuka nashikwa. Hata Baba alikuwa hivyo hivyo, watu wote wanajua. Unadhani kwa nini alikuwa halali nyumbani? Alikuwa na mnyama. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nifanyeje?"

 Nilitaka kucheka, nikataka na kulia, maana mimi najua ulikokuwa unalala. Chakula chako nilikuwa nakileta mimi.

Unakumbuka? Wenzako wakishuka tu majini, kila mmoja alishika njia yake, wengine nyumbani, wengine kwenye pombe kwanza na nyumbani baadaye. Ilagala ya mbalamwezi ilikuwa na sauti mbili. Kulikuwa na sauti ya sisi watoto tukikimbizana mchangani, vivuli vyetu virefu kutushinda, na kulikuwa na sauti nyingine iliyotoka ndani ya nyumba za watu, ambayo mama zetu waliifunika kwa kutwanga kwa nguvu. Wewe hukwenda kwenye pombe, wala nyumbani hukuja. Ulibaki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, pembeni ya wako uliopinduliwa, umejifunika shuka, unashona wavu ambao wala haukuchanika.

Mama alikuwa ananipa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Ugali wa muhogo, na maharage yaliyopikwa kwa mawese, kwa sababu alisema ukipewa samaki tena utaota magamba. "Mpelekee baba yako," aliniambia. "Msalimie ukiwa mbali kidogo. Usimrukie." Nami nilikuja na bakuli langu kichwani, mchanga bado una joto la jua, ziwa limetulia, milima ya Kongo imekaa upande wa pili kama wazee wasio na haraka. Siku ya kwanza hukusema neno. Macho yako yalikuwa mekundu kwa mwanga wa karabai na kwa kukosa usingizi. Ulikula, ukanirudishia bakuli, ukageukia wavu wako. Sikuogopa. Nilikuwa nakaa mbali kidogo nachora kwenye mchanga, nikisubiri wewe urudi, ingawa ulikuwa umekaa hapo hapo mbele yangu.

Baadaye ulinieleza. Ulisema mle majini watu hawaongei, wanabweka. Wavu mzito, upepo unageuka, mnatukaniana mama zenu mpaka alfajiri, na asiyetukana anaonekana mgonjwa. "Mwili unafika nchi kavu mapema," ulisema. "Mdomo na mikono vinachelewa njiani." Ndivyo ulivyosema, na mimi niliamini kabisa kwamba mikono yako ilikuwa bado inakuja, inaogelea nyuma ya mtumbwi.

Na kwa nini nisiamini, wakati nililelewa na Bibi, mama yako? Wengine hadithi zao za watu wanaogeuka ni za fisi na simba. Kwetu sisi, karibu na Malagarasi inapoingia ziwani, anayegeuka anageuka mamba. Bibi alikuwa akisimulia huku anachambua dagaa, macho yapo kwenye ungo. Mamba-mtu, alisema, anajua kila kitu cha binadamu. Anajua kusalimia, anajua kubisha hodi, hata msikitini anaweza kusimama safu ya nyuma na hakuna atakayemjua. Kitu kimoja tu kinamshinda. Hawezi kutaniwa. Ukimtania, uso wake unabaki vile vile, unasubiri, na hapo ujue umesimama mbele ya mnyama.

Ndiyo maana pale kwetu hakuna mgeni aliyepewa maji kabla hajataniwa kidogo. Unamkumbuka yule mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, amechomekea shati, pua ndefu? Bibi alimwambia, "Karibu mwalimu, pua yako ilifika jana, tumeshaipa kiti." Masikini wa Mungu, hakuelewa. Alinuna. Basi wiki nzima hakuna mtoto aliyekubali kutumwa kuchota maji pamoja naye, na mama mmoja alikwenda kumuuliza mwenyekiti wa kijiji kama serikali inajua imetuletea nini. Siku alipojibu, "Na miguu yako Bibi itafika lini?" tulipiga vigelegele, akaletewa kuku.

Ulilichukua jambo hilo la Bibi ukalifanya dawa yako. Siku ya pili, au ya tatu, ukishamaliza kula, uliweka sindano ya wavu chini ukaniambia, "Haya, Zuhura. Nitanie."

Jamani Baba. Ni mtoto gani duniani alipewa ruhusa kama hiyo? Nilikuwa naanza kuwaza matani tangu nyumbani. Nilikwambia masikio yako ni vifuniko vya sufuria vilivyokosa sufuria. Nilikwambia unakoroma mpaka viboko wa Malagarasi wanadhani wana mgeni. Nawe uliniangalia, umetulia, kama mtu anayesikiliza kitu tumboni mwake. Siku nyingine shingo yako ilikaza kidogo, ukashusha macho, ukasema, "Bado. Kamwambie mama yako bado." Sikukasirika, nilichukua bakuli nikaenda. Siku nyingine midomo ilianza kutetemeka, ukajizuia, ukashindwa, kicheko kikakutoka kuanzia huko chini, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa shuka. Hapo ulinyanyuka, ukakunja shuka lako, ukanishika mkono. Tulipanda njia ya nyumbani mwezi ukiwa mbele yetu, mimi nikijiona nimemtoa baba yangu ndani ya mamba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku moja nilikuuliza kwa nini usije tu nyumbani ukacheke huko huko.  Ukanisimulia kuhusu babu, mume wa Bibi, aliyekuwa mvuvi pia. Ukasema ulipokuwa mdogo, babu akirudi mbalamwezi, Bibi alimsalimia vizuri, kwa heshima zote, ila alimsalimia amesimama karibu na mlango, mguu mmoja nje. "Nilikuwa natazama ule mguu," ulisema. "Sitaki mtu yeyote anisalimie hivyo." Nikaelewa kwamba Bibi ile habari ya mamba hakuitoa mtoni.

Halafu ile siku ya banda la video. Wavuvi walikuwa hawana kazi, banda limejaa, jenereta linanguruma nje, na jamaa wa kutafsiri ameshika maiki anaongea kupita wenye filamu. Ilikuwa ya mzungu mmoja anayegeuka mbwa mwitu kila mwezi ukipevuka. "Oneni, mwezi umeiva," jamaa akatangaza, "mshikaji anaanza kuota manyoya." Sisi watoto tuliangua kicheko. Tulidhani ni filamu ya mbalamwezi, kwamba hata Ulaya wavuvi hurudi nyumbani mwezi ukiwaka. Nilipogeuka nikaona wanaume waliokaa nyuma hawacheki. Walikuwa wanatazama kwa makini, vichwa vimeinama kidogo, na mmoja alitoka nje kabla haijaisha.

Nilikuja mbio mwaloni kukusimulia. Ulisikiliza yote, jinsi alivyofungwa minyororo, jinsi mkewe alivyolia, jinsi alivyovunja mlango, mpaka risasi ya fedha. Ukaweka sindano chini.

"Wakamuua?"

"Wakamuua, Baba."

"Bila hata kumpelekea chakula?" Ukatikisa kichwa. "Na watoto hakuwa nao? Hakuwa na hata mmoja wa kumtania?"

Nilikwambia hakuwa nao. Ulisikitika kweli, kama vile umepewa habari ya msiba wa mvuvi mwenzako wa Mwamgongo. Mpaka leo nikiona sinema za namna hiyo nasikia swali lako, nashindwa kuogopa kama wenzangu.

Homa ikakuchukua, Rajabu akiwa bado anauliza samaki wanalala wapi. Hakuwahi kubeba bakuli. Alikujua kwa maneno ya watu, na maneno ya watu ni kama nguo ya mitumba, unavaa iliyomkaa mwingine. Nilijaribu kumsimulia, lakini nilikuwa msichana, nikaolewa, nikaja mjini kushona nguo soko la Mwanga, naye akaingia majini na wanaume waliomwambia walichotaka.

Leo alasiri amekuja hapa. Sikwenda sokoni, nilibaki nakata gauni la mteja kwenye meza ya sebuleni, Furaha yuko chumbani ananyonyesha. Akabisha hodi vizuri. Amenyoa, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

Nilimwangalia, Baba, na nakwambia kweli, nilimpenda. Ana masikio yako yale yale. Nikasema moyoni, ngoja nimpe nafasi ambayo wewe ulijipa. Nikamwambia, "Rajabu, hayo masikio bado tu yapo? Mimi nilidhani ukioa yatapungua." Zamani neno kama hilo lingemfanya anikimbize nyumba nzima. Nikasubiri. Nilisubiri kwa hamu kuliko nilivyowahi kukusubiri wewe, nikiiomba midomo yake itetemeke japo kidogo.

Uso ulibaki vile vile.

"Sijaja kutaniwa," akasema, akausukuma mlango ukapiga ukuta, mtoto akaanza kulia ndani. Akainua mkono. Sijui alikuwa anauinua kwangu au anataka tu nimpishe, sikupata muda wa kujua, kwa sababu mkasi wangu ulikuwa tayari umefika shingoni kwake. Ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Sikumbuki kuunyanyua. Nakumbuka koo lake lilivyopanda na kushuka, na nakumbuka kwamba nilitaka. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilitaka, na ndani ya kutaka huko kulikuwa na utamu, mwili wote mwepesi, masikio yananivuma, sioni mdogo wangu, naona shingo tu.

"Wifi," Furaha akaita nyuma yangu, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto atoke kwenye ukingo wa kisima. "Wifi, weka chini."

Nikauweka mezani. Mikono haikutaka, niliilazimisha kidole kimoja kimoja. Ndipo Furaha akasema kwa sauti ile ile, "Rajabu, mimi sirudi." Rajabu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kinyumenyume mpaka uani, akaondoka. Nadhani aliniogopa. Nisamehe, nilifurahi kuogopwa, kisha nikakaa sakafuni nikalia.

Maisha yangu yote nimesikia kwamba huyu mnyama ni wa wanaume wa ukoo wetu, kwamba ameshuka kutoka kwa babu. Nikawa najiona mimi ni yule mpeleka chakula tu, wa kukaa mbali kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba na mimi ninaye. Yupo, Baba. Ni mzima, ana nguvu, na wala hakuhitaji mwezi, alikuja jua likiwaka. Lakini nilimweka chini. Kama mimi ambaye sikujua hata kama ninaye nimeweza, basi Rajabu anayemjua kila mwezi alikuwa anaweza siku zote, ila hakutaka. Ndiyo maana nakwenda kesho. Namshtaki kwa kuwa ni mtu. Ningemwona ni mamba, ningemkwepa tu.

Kilichobaki kilikuwa Mama. Tangu jana ananipigia kutoka Ilagala, analia. "Zuhura, damu haitupwi. Wakimfunga nani atanizika? Yamalizeni ndani." Na mimi kusimama polisi dhidi ya Rajabu naweza, dhidi ya Mama siwezi. Nilijua akisema neno moja zaidi kesho nitabaki kitandani na Furaha atakwenda peke yake, au atarudi kwa mumewe.

Nilimpigia baada ya magharibi. Nikamweleza yote, na mkasi pia.  Nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kukiuliza.

"Mama, Baba aliwahi kukupiga?"

Nilisikia kuku wake wanagombea mahali pa kulala.

"Hata kofi," akasema. "Hata kunisukuma."

"Sasa Rajabu amemrithi nani?"

Nikaangalia simu kama imekatika. Aliporudi, sauti ilikuwa ndogo, si ya Mama ninayemjua.

"Nilimwambia mimi," akasema. "Alikuwa mdogo, amepigana shuleni, amerudi analia. Sababu si kupigwa. Walimcheka hana baba, hana hata kitu kimoja cha baba yake. Wewe ulikuwa na mambo yako ya mwaloni, yeye alikuwa hana kitu. Nikatafuta cha kumpa. Nikamwambia, hizo hasira zako ni za baba yako. Akanyamaza kulia. Alifurahi, Zuhura. Alilala anatabasamu. Basi kila akipigana nikawa namwambia hivyo hivyo."

 Sikumkasirikia. Nilimwona tu Rajabu amelala kwenye mkeka, anatabasamu, amekumbatia zawadi ile.

"Tunakwenda asubuhi, Mama," nikasema mwishowe.

"Msiende mpaka nifike," akasema. "Napanda mtumbwi wa alfajiri. Nitasema mbele yake na mbele ya askari, baba yake hakuwa hivyo. Nataka alisikie kwangu."

Nakuaga sasa, Baba. Furaha amelala, mtoto pia, na mimi natandika kitanda cha Mama.

Mwanao wa kwanza,
Zuhura